Du Vigneaud, Luteni wa Akiba Aliyeunda Homoni

Wengi wenu, askari wa jeshi na wa polisi, mmewahi kungoja nje ya wodi ya wazazi, wake zenu wakiwa ndani. Twawasimulia leo habari za bwana mmoja ambaye kazi yake imeingia katika wodi hiyo.

Vincent du Vigneaud alizaliwa Chicago, Marekani, mwaka 1901. Mwaka 1918, vijana wengi wakiwa vitani, alikwenda kufanya kazi shambani, akakamua ng'ombe, na nusura awe mkulima. Dada yake ndiye aliyemshawishi asomee kemia. Ili ajilipie masomo alihudumu mezani na, akiwa luteni wa akiba wa kikosi cha farasi, alifundisha upandaji farasi. Basi farasi nao wana sehemu yao katika elimu hii.

Alianza kwa kuchunguza salfa iliyomo katika insulini. Salfa hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye oksitosini, homoni itokayo ubongoni, ambayo huukaza mji wa mimba wakati wa kujifungua na kuzuia damu isivuje mno baadaye. Ni mnyororo mfupi wa asidi amino tisa. Mwaka 1953, katika chuo cha tiba cha Cornell, New York, yeye na wenzake waliziunganisha wakapata homoni ileile. Hapakuwa na homoni ya peptidi iliyopata kuundwa na binadamu kabla yake. Mwaka 1955 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Lakini oksitosini huvunjwa mwilini kwa dakika chache, na joto huiharibu. Du Vigneaud aliendelea kuondoa kipande hiki na kubadili kile. Kilipoondolewa kipande cha naitrojeni kichwani mwa mnyororo, nguvu ya homoni haikupungua, bali iliongezeka. Sisi twauona ugunduzi huo kuwa mkubwa kuliko ile tuzo.

Kabetosini, iliyoundwa na wengine, nayo haina kipande hicho, na hudumu mwilini kwa muda mrefu zaidi. Aina yake istahimiliyo joto ilijaribiwa kwa akina mama wapatao 30,000 katika nchi kumi, zikiwemo Kenya na Uganda. Matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha kwamba, katika kimoja cha vipimo vikuu vya kuzuia damu, haikuwa duni kuliko oksitosini iliyotunzwa kwenye baridi. Kwa zahanati isiyo na jokofu, jambo hilo si dogo.

Du Vigneaud hakuyaona hayo. Kiharusi kilimtoa maabarani mwaka 1974, akafariki mwaka 1978.