Rumaliza, bwana wa baruti katika mwambao wa Rumonge

Dumu la mawese likitoka Kizuka lina njia mbili. Ama linapakiwa garini na kufuata barabara ya taifa namba 3 kwenda Bujumbura, ama linashuka Rumonge na kuingia majini, kuelekea Kigoma upande mmoja au ng'ambo ya Kongo upande wa pili. Wafanyabiashara wa mwambao huu wanajua kila kizuizi, kila karatasi inayodaiwa, na kila saa ambayo ziwa hugeuka. Wachache wanajua kwamba miaka 140 hivi iliyopita njia hizi zote zilikuwa na msimamizi mmoja, naye hakuwa mfalme wala ofisa wa forodha. Alikuwa mchuuzi kama wao, mtoto wa Lindi, na bidhaa iliyomweka juu ya wenzake ilikuwa baruti.

Jina lake kamili ni Mohamed bin Khalfan bin Khamis el-Barwani. Alizaliwa Lindi karibu na mwaka 1855, katika ukoo wenye asili ya Omani uliokwisha kuzoea pwani ya kusini na Unguja kwa vizazi. Bara walimwita Rumaliza, yaani mmalizaji, na jina hilo halikutokana na ukarimu. Watu waliolitamka mara ya kwanza walikuwa wamekwisha kuona vijiji vilivyopitiwa na watu wake.

Aliingia bara kama vijana wengi wa pwani wa wakati ule, kwa mkopo. Matajiri wa Kihindi na Kiarabu wa Unguja walitoa nguo, shanga, bunduki na baruti kwa ahadi ya kulipwa pembe za ndovu, na ole wake aliyerudi mikono mitupu. Kilichomwinua ni ushirika wake na Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule Tippu Tip, ambaye yeye mwenyewe alieleza kwamba jina lake linaigiza mlio wa bunduki zake. Katika miaka ya 1880 wawili hao waligawana kazi: Tippu Tip alishika Manyema na mito ya Kongo, na mwenzake akashika ziwa.

Ujiji wakati ule ilikuwa chini ya Mwinyi Kheri, mwenyeji wa pwani aliyeoa na kuishi huku miaka mingi, akapewa bendera na Sultani Barghash wa Zanzibar. Mwinyi Kheri alijua kuishi na majirani. Alipofariki mwaka 1885, Rumaliza ndiye aliyebaki na watu wengi na silaha nyingi, na mji ukawa wake. Soko lake lingemfurahisha msomaji wa gazeti hili: chumvi ya Uvinza, mawese na chakula kutoka mwambao wa Burundi, samaki wakavu, pembe za Manyema, na shanga za sofi zilizotumika kama sarafu. Pembeni mwa hayo walifungwa watu kwa minyororo, wakisubiri kuuzwa. Hilo halina namna ya kulipamba. Wengi wao walikuwa wa mwambao huu huu na wa ng'ambo yake.

Kutoka Ujiji watu wake walipanda kaskazini kwa mitumbwi na majahazi, wakaweka vituo kando ya ziwa, Rumonge kikiwa kimojawapo, hadi Uvira na Uzige ilipo Bujumbura ya leo. Kiswahili kinachosikika Rumonge hadi sasa, na misikiti yake, ni sehemu ya alama zilizoachwa na biashara ya miaka hiyo.

Sasa tuje kwenye bunduki yenyewe, maana hapo ndipo siri ya maisha ya mtu huyu ilipo.

Balozi wa Uingereza mjini Zanzibar alikadiria mwaka 1888 kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia huko kila mwaka. Nyingi zilikuwa mitumba. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yamebadili silaha, na zile kuukuu zikapata soko Afrika, kama magari yanavyokuja leo kupitia bandari ya Dar es Salaam. Lakini bunduki bila chakula chake ni fimbo nzito, na mfanyabiashara wa bara alipaswa kuchagua chakula hicho kwa makini kuliko alivyochagua bunduki.

Ya kwanza ilikuwa gumegume. Askari alimimina baruti mtutuni, akatia risasi, akashindilia kwa mdeki, na jiwe likagonga chuma kutoa cheche. Ilikula karibu kila kitu: baruti hafifu ya biashara, vipande vya chuma, hata risasi za shaba kama zile walizosubu watu wa Katanga. Jiwe likiisha, lingine lilitafutwa. Ubaya wake ni mvua na upepo, kwani baruti ya juu ikilowa hakuna mlio. Ya pili ilikuwa ya fataki. Hii ilistahimili mvua vizuri zaidi, ila kila mlio ulitaka fataki moja iliyotengenezwa Ulaya, na zikimalizika hakuna fundi wa Ujiji aliyeweza kuziiga. Ya tatu ilikuwa bunduki ya kisasa inayopakiwa nyuma kwa risasi yenye ganda la shaba, ndani yake baruti na fataki pamoja. Hiyo ilipiga mbali, upesi na kwa shabaha, lakini ilimfunga mwenye nayo kwa muuzaji wake moja kwa moja, maana ganda la kipimo kingine haliingii.

Majeshi ya wafanyabiashara wa bara yalikuwa na mchanganyiko huo. Walio karibu na bwana walibeba za kisasa, na umati ukabeba za kushindilia. Kwa macho ya leo huo ni udhaifu, ila mimi naona ni hesabu ya mtu anayejua umbali. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni zaidi ya kilomita 1,200, mwendo wa miezi mitatu au zaidi kwa miguu. Mpagazi mmoja alibeba frasila mbili hivi, kama kilo 32. Kila pipa la baruti lililofika lilikuwa limekwisha kula mshahara, chakula na hongo za watemi wa njiani, na lilipofika lilipaswa kuvuka ziwa ndani ya mtumbwi unaoingiza maji. Baruti nyeusi hunyonya unyevu kama chumvi. Ikilowa na kukauka tena, nguvu zake hupungua.

Wanaozijua bunduki ndogo za siku hizi husema shida ya namna hiyo ingalipo: risasi ikipunguziwa nguvu ili isipige kelele, bunduki inayojipakia yenyewe huweza kukwama, kwa kuwa mlipuko hautoshi kusukuma mtambo. Watu wa Rumaliza hawakutafuta ukimya hata kidogo. Kelele ilikuwa nusu ya silaha. Misafara ilipokaribia mji ilifyatua bunduki kwa salamu, kama Stanley alivyofanya alipoingia Ujiji Novemba 1871 kumtafuta Livingstone, na ilipokaribia kijiji cha adui ilifyatua kwa kutisha. Moshi mweupe na ngurumo vilitangulia, watu wakakimbia, na mara nyingi risasi haikuhitaji kumpata mtu.

Mbinu hiyo ilifaulu kwenye ufuko. Ilishindwa mlimani. Warundi wa ndani walikuwa chini ya Mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala tangu karibu mwaka 1850, na hawakuwa na bunduki za kutaja. Walikuwa na mikuki, pinde, vilima virefu na mvua nyingi. Kwamba mikuki ilitosha kuua, mwambao wa Rumonge ulikwisha kuonyesha Mei 1881, kabla ya Rumaliza kushika nguvu, pale mapadre wawili Wafaransa wa shirika la White Fathers na msaidizi wao walipouawa katika ugomvi juu ya mtoto waliyemkomboa. Rumaliza alipojaribu kuipenya nchi ya Gisabo kupitia Uzige, alirudishwa. Alikuwa anapigana mbali na ghala lake, akipanda, huku kila mlio ukimgharimu miezi mitatu ya barabara. Akabaki na ukanda mwembamba wa ufukoni, na nchi ya juu ikaepuka minyororo yake. Tofauti ya historia kati ya Rumonge na Muramvya inaanzia hapo kwa sehemu kubwa.

Kisha mlango wa baruti ukaanza kufungwa, na haukufungwa ziwani. Vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani viliziba barabara za pwani mwaka 1888 na 1889. Mwaka 1890 Wajerumani walipandisha bendera Tabora, njia panda ya msafara wowote wa Ujiji. Mwaka huo huo, tarehe 2 Julai, mataifa yalitia saini mapatano ya Brussels. Kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ikweta, ilipigwa marufuku kuingiza bunduki za kisasa pamoja na risasi zake. Gumegume zisizo na mifuo na baruti ya kawaida ziliweza kuruhusiwa, lakini kupitia maghala ya serikali na kwa kibali. Mapatano yalianza kutumika mwaka 1892.

Wakubwa wale walisema wanapiga vita biashara ya utumwa, na sehemu yake ilikuwa kweli. Sehemu nyingine ni kwamba wao wenyewe walibaki na risasi. Afrika Mashariki ya leo imejiwekea sheria yake juu ya silaha ndogo, Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, na anayepekuliwa mzigo kwenye barabara ya Rumonge anaonja makali yake. Tofauti kubwa ni kwamba hii imeandikwa na wenyeji wanaoishi na matokeo yake.

Rumaliza angeweza kujisalimisha kwa Wajerumani upande wa mashariki wa ziwa na kuendelea na biashara ndogo. Alichagua kupigania upande wa magharibi. Mwishoni mwa 1891 Kapteni Jacques wa Ubelgiji alijenga ngome ya Albertville, Kalemie ya leo, na mwaka uliofuata watu wa Rumaliza waliizingira bila kuitwaa. Vita vya Wabelgiji na mabwana wa Manyema vilipowaka, alivuka ziwa na jeshi lake mwaka 1893 kuwasaidia wenzake. Sefu, mwana wa Tippu Tip, aliuawa mwaka huo. Upande wa pili akafa Ponthier, mmoja wa makamanda wa Kibelgiji. Kwa majuma kadhaa haikujulikana nani angeshinda, na ngome za magogo za Rumaliza ziliwatia hofu maadui zake.

Askari wa Dola Huru ya Kongo walibeba bunduki za Albini zenye risasi za ganda, zilizoletwa kwa meli, mtoni na kwa migongo ya wapagazi wao. Walikuwa na mizinga ya Krupp pia. Januari 1894 kombora moja lilitua kwenye mapaa ya nyasi ndani ya ngome yake mojawapo, ikateketea na watu wengi ndani yake. Kabambare ikaanguka siku chache baadaye. Rumaliza alikimbilia ziwani, akavuka, kisha akaondoka Ujiji kuelekea pwani. Vituo vyake vya mwambao wa Burundi vilibaki na watu, familia na mashamba, bila bwana. Mwaka 1896 Wajerumani waliweka kituo Ujiji, na mwaka uliofuata Usumbura. Gisabo, ambaye gumegume hazikumweza, alilazimishwa kutia saini mkataba wa Kiganda mwaka 1903 mbele ya silaha za kizazi kingine.

Unguja, mmalizaji aligeuka mdai. Alimfikisha Tippu Tip mahakamani kuhusu hesabu za ushirika wao wa zamani, na hukumu ilimpa mali nyingi ambazo mwenzake alikuwa nazo katika eneo la Wajerumani. Tippu Tip alifariki mwaka 1905. Ni jambo la kutafakari kwa wanaokopeshana mtaji kwa maneno matupu, kwamba washirika waliozungukwa na bunduki maelfu walimaliza mambo yao kwa makaratasi mbele ya hakimu.

Jina lake lilisikika kwa nguvu mara moja zaidi. Mwaka 1908 barua iliyodaiwa kutoka Maka ilienea misikitini kusini mwa Tanganyika, ikiwaita Waislamu watubu kwani mwisho umekaribia, na maofisa wa Kijerumani, ambao Maji Maji ilikuwa bado mbichi vichwani mwao, wakashtuka. Walifuatilia nakala zake kutoka mkono hadi mkono, Lindi mji aliozaliwa, kisha ng'ambo ya maji hadi Zanzibar, na uchunguzi ukaishia mlangoni kwa mzee Mohamed bin Khalfan.