Léon Foucault: Mtu Aliyeshindanisha Mwanga



Tumbukiza kijiko kwenye glasi ya maji. Kinaonekana kama kimevunjika, si ndiyo? Ni kwa sababu mwanga unabadili kasi unapotoka majini kuja hewani. Lakini wapi una kasi zaidi? Wasomi walibishana kwa zaidi ya miaka mia moja, na aliyemaliza ubishi ni kijana aliyeacha masomo ya udaktari kwa sababu ya kuogopa damu!

Léon Foucault alizaliwa Paris tarehe 18 Septemba 1819. Alikuwa mtoto wa afya dhaifu, shuleni hakung'ara, ikabidi asomeshwe nyumbani. Ila mikono yake ilikuwa ya fundi. Mwaka 1845, yeye na rafiki yake Hippolyte Fizeau walipiga picha ya jua ikaonyesha hadi madoa yake.

Sasa ubishi wenyewe. Newton alifundisha kwamba mwanga ni chembe, na kwa hesabu zake lazima ukimbie zaidi majini. Wenzake waliosema ni mawimbi walikataa: majini unachelewa. Sisi tuliosoma falsafa tungeweza kubishana hadi leo. Mwaka 1838 François Arago alipendekeza upimwe kwa kioo kinachozunguka, lakini macho yake yakafifia kabla hajamaliza, akawaachia vijana. Kumbe Foucault na Fizeau walikuwa wameshaachana, kila mmoja anafanya kivyake.

Foucault alizungusha kioo kidogo kwa nguvu ya mvuke, mizunguko mamia kwa sekunde. Mwanga uligonga kioo hicho, ukaenda hadi kioo kingine kisichosogea, ukarudi. Katika muda huo mfupi mno kile cha kwanza kilikuwa kimegeuka kidogo, hivyo mstari wa mwanga ukaangukia pembeni. Njia moja ilipita hewani, nyingine ndani ya bomba la maji la mita 3. Mstari uliopita majini, wenye rangi ya kijani kidogo, ulisogea zaidi. Yaani ulichelewa. Mei 1850 alitangaza matokeo, na wiki chache baadaye Fizeau naye akapata yaleyale.

Leo tunajua hewani mwanga unakwenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, majini kama 225,000, kwenye kioo cha kawaida kama 200,000, na ndani ya almasi kama 124,000 tu. Foucault mwenyewe mwaka 1862 alipata 298,000 kwa hewani, akipimia ndani ya chumba. Wengi wanamjua kwa pendulo yake ya Panthéon ya mwaka 1851, iliyoonyesha dunia inavyozunguka, lakini mimi naona kioo ndicho kazi yake kubwa.

Kuhusu imani, alikuwa ameiacha. Mwaka 1867 mwili ukaanza kupooza, na mtu aliyeukamata mwanga akapoteza nguvu ya macho, hata kuongea kukawa shida. Katika ugonjwa huo alirudi katika Kanisa Katoliki. Alifariki akiwa na miaka 48, tarehe 11 Februari 1868, siku ambayo sasa tunamkumbuka Bikira Maria wa Lurdi.

Alizikwa katika makaburi ya Montmartre, chini ya kilima kilekile ambako mwaka 1849 Fizeau aliweka kioo cha kurudisha mwanga aliourusha kutoka Suresnes.