Joseph Kasa-Vubu, raisi wa karatasi katika inchi ya bunduki

Jina la Kamanyola limetembea mbali sana. Mobutu alilipa mashua yake ya uraisi, akalipa divisheni ya jeshi iliyofundishwa na watu wa Korea ya Kaskazini, na hata uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa uliitwa vile pale mwanzo. Yote hayo ni juu ya vita ya mwezi wa sita 1964, hapa kwenye bonde la Ruzizi, wakati jeshi la taifa lilipigana na waasi waliokuwa wamekamata Uvira tangu katikati ya mwezi wa tano. Miaka yote ya MPR watoto wa shule walisikia namna mkuu wa jeshi alivuka daraja mbele ya maaskari wake.

Jambo ambalo watoto hawakuambiwa ni kwamba katika mwezi ule ule, tarehe 25, Kongo ilianza kupiga kura juu ya katiba yake ya kwanza iliyoandikwa na Wakongomani wenyewe. Kura iliendelea mpaka tarehe 10 mwezi wa saba. Sehemu zilizokuwa mikononi mwa waasi, Uvira na Fizi ndani yake, hazikupiga. Raisi aliyeitisha kura ile alikuwa Joseph Kasa-Vubu. Vijana wa hapa wanamjua Lumumba, wanamjua Mobutu, lakini huyu wa kwanza kabisa kwa wengi ni jina la barabara tu.

Alizaliwa Kuma-Dizi, karibu na Tshela, katika milima ya Mayombe upande wa Bas-Congo. Juu ya mwaka vitabu havipatane: vingine vinasema 1910, vingine 1917, wengi wanakubali 1915. Alibatizwa mwaka 1925 na mapadiri wa Scheut. Akasoma seminari ndogo ya Mbata-Kiela, kisha wakamtuma mbali mpaka Kabwe, kule Kasai, kusoma filozofia. Alitaka kuwa padiri. Lakini mwaka 1939, mbele ya kuanza masomo ya teolojia, askofu alimrudisha nyumbani. Basi akafundisha shule kidogo, akafanya kazi katika kampuni ya miti ya Agrifor, na mwaka 1942 akaingia karani katika idara ya feza ya serikali ya kikoloni, kule Léopoldville. Alikuwa mutu wa kimya, mfupi, na wengi waliomuona walidhani ni muoga. Haikuwa hivyo.

Mwaka 1946, mbele ya Wakongomani wenzake waliosoma, alitoa hotuba juu ya haki ya mwenye kufika wa kwanza. Wazo lake lilikuwa hili: udongo ni wa wale waliokuwa wa kwanza kukaa juu yake, kwa hiyo Wabelgiji hawana haki ya kuuita wao. Wakati ule maneno kama hayo yalikuwa hatari, na yalifanya mamlaka wamuangalie kwa jicho kali. Leo mtu wa mashariki akiyasikia anashtuka kidogo, maana hapa neno la nani alifika wa kwanza limetumiwa na majirani wao kwa wao, na limemwaga damu. Kasa-Vubu alilipiga kwa mkoloni. Alilipiga pia kwa ajili ya Bakongo, watu wake, na hapo ndipo tatizo lake lilianzia.

Mwaka 1954 alichaguliwa kiongozi wa ABAKO, chama kilichoanzishwa na Edmond Nzeza Nlandu mwaka 1950 kwa kulinda lugha ya Kikongo. Chini ya Kasa-Vubu kikageuka chama cha siasa. Mwaka 1956 mwalimu mmoja Mbelgiji, Van Bilsen, alikuwa amependekeza Kongo ipewe uhuru nyuma ya miaka 30. Kikundi cha Wakongomani wa gazeti la Conscience Africaine wakaona ni mpango wa kuzungumzia. ABAKO ikajibu kwamba haitaki miaka 30, inataka uhuru mara moja. Inchi yote ikasikia. Mwisho wa mwaka 1957 Wabelgiji waliruhusu uchaguzi wa miji, na Kasa-Vubu akawa bourgmestre wa komine ya Dendale. Tarehe 4 mwezi wa kwanza 1959, mkutano wa ABAKO ulipokatazwa, Léopoldville ikawaka moto. Wabelgiji walihesabu karibu wafu 49, Wakongomani wakasema ni wengi zaidi. Kasa-Vubu akafungwa, akapelekwa Ubelgiji, kisha akarudi mwezi wa tano. Watu wakamuita mfalme Kasa.

Kwenye Meza ya Mviringo ya Brussels, mwezi wa kwanza 1960, ndipo anaonekana vizuri. Wengine walikuwa wanajadili tarehe ya uhuru. Yeye alitaka kwanza serikali ya Wakongomani na baraza la kuandika katiba, na inchi ya majimbo yenye nguvu. Hawakumfuata, akatoka nje ya kikao. Mtu anaweza kusema ni kichwa ngumu, lakini alikuwa na haki katika jambo moja kubwa. Sheria ya Msingi iliyotokea haikuandikwa na Mkongomani. Ilipigiwa kura na bunge la Ubelgiji na kutiwa mukono na Mfalme Baudouin tarehe 19 mwezi wa tano 1960, vifungu 259, majuma sita tu mbele ya uhuru.

Na ile sheria ilikuwa na mtego. Kifungu cha 22 kilisema kwamba mkuu wa inchi anaweka na kuondoa waziri wa kwanza na mawaziri. Wabelgiji walikuwa wamekopia namna yao wenyewe. Kwao mfalme ana uwezo huo katika karatasi, lakini desturi inamkataza kuutumia kwa kupenda kwake: anamuondoa waziri tu pale bunge limemkataa. Desturi haikuandikwa. Kongo ilipewa karatasi bila desturi.

Katika uchaguzi wa mwezi wa tano, ambao wanaume peke yao walipiga kura, ABAKO ilipata viti 12 kati ya 137. Chama cha Lumumba kilikuwa cha kwanza. Kwa kutuliza pande zote, wabunge na maseneta walimchagua Kasa-Vubu raisi tarehe 24 mwezi wa sita, kwa kura 159 juu ya 43 za Jean Bolikango, na Lumumba akawa waziri wa kwanza. Mmoja alitaka Kongo moja yenye serikali moja ngumu, mwingine alitaka shirikisho la majimbo. Pale mwanzo walisafiri pamoja. Maaskari walipoasi na Katanga kujitenga tarehe 11 mwezi wa saba, ndege yao ilikatazwa kushuka Elisabethville, na wote wawili wakatia mukono barua ya kuita ONU.

Haikudumu. Usiku wa tarehe 5 mwezi wa tisa 1960 Kasa-Vubu aliingia katika nyumba ya radio, akasoma tangazo fupi la kumuondoa Lumumba na mawaziri sita. Ulimi ukateleza: pahali pa kusema waziri wa kwanza alisema bourgmestre wa kwanza, kama vile bado yuko Dendale. Kisha akarudi kwake. Kati ya wale sita alikuwemo Anicet Kashamura, mtoto wa Kivu, mwenye kuanzisha chama cha CEREA hapa mashariki na waziri wa habari, ndiye radio ya taifa ilikuwa chini yake. Lumumba akaja mbio kwenye radio ile ile, naye akatangaza kumuondoa raisi. Kwa hilo hakuwa na kifungu hata kimoja. ONU ikafunga radio na viwanja vya ndege. Kufunga radio kulimuumiza Lumumba zaidi, juu Kasa-Vubu alikuwa na rafiki ngambo ya mto, raisi Youlou, na mitambo ya Brazzaville ilimfungukia.

Je, alivunja sheria? Kwa herufi, hapana. Kifungu kilikuwepo, na mawaziri wawili, Bomboko na Delvaux, walitia mukono pamoja naye kama sheria ilivyotaka. Lakini bunge lilikuwa halijamkataa Lumumba. Siku mbili nyuma yake wabunge wakafuta matangazo yote mawili, la raisi na la waziri, kwa kura 60 juu ya 19, na siku iliyofuata Seneti ikasimama upande wa Lumumba. Katika mwezi ule wote ni bunge peke yake lililojaribu kurudisha kila mutu pahali pake. Hawakulisikiliza. Tarehe 14 Kanali Mobutu akatangaza kwamba jeshi linawaweka pembeni raisi, waziri na wabunge mpaka mwisho wa mwaka. Kasa-Vubu, mwenye kupigania katiba kule Brussels, hakumpinga. Alikubali na akaapisha makomisheri vijana waliowekwa na Mobutu. Mwezi wa kumi na moja akaenda New York, na ONU ikakubali wajumbe wake kama wajumbe wa Kongo.

Lumumba alikamatwa mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili, akatumwa Katanga, akauawa tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961. Aliyemtuma ni serikali ya Léopoldville, na raisi wa Léopoldville alikuwa Kasa-Vubu. Hakuzuia. Wenye kumpenda wanaitaja kidogo na kupita, lakini hakuna namna ya kueleza maisha yake bila jambo hili. Mutu aliyefungwa na Wabelgiji bila hukumu alinyamaza wakati mwenzake, aliyechaguliwa kama yeye, alipopelekwa bila hukumu kwa maadui zake.

Miaka iliyofuata alirudi kwenye ndoto yake. Bunge lilipewa kazi ya kuandika katiba, likashindwa, naye akalifunga mwezi wa tisa 1963. Akaweka tume kule Luluabourg, Kananga ya leo, chini ya Joseph Iléo. Ilifanya kazi tangu tarehe 10 mwezi wa kwanza mpaka tarehe 11 mwezi wa ine 1964. Ndiyo katiba ile iliyopigiwa kura wakati bonde la Ruzizi lilikuwa vitani, na ilianza kazi tarehe 1 mwezi wa nane. Mengi aliyoyataka tangu ujana yalikuwemo: majimbo 21 yenye serikali zao, na Kivu imegawanywa katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kati na Maniema. Jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo limetoka pale.

Mambo mawili mengine yalikuwemo. Kwanza, uraia ulipewa yule ambaye mmoja wa wakubwa wake alikuwa wa kabila lililokaa Kongo mbele ya tarehe 18 mwezi wa kumi 1908. Kule Luluabourg pengine ilionekana tarehe tu. Huku Kivu kifungu hicho kilifungua mabishano ambayo sheria za 1972 na 1981 ziliyachochea tena kila moja kwa upande wake, mpaka katiba ya 2006 ikaweka siku ya uhuru pahali pa 1908. Hata sasa watu wa Uvira na wa milima wanajua kwamba maneno hayajaisha. Ni wazo la yule mwenye kufika wa kwanza, limerudi likiwa na tarehe.

Pili, ile iliyokuwa mtego ikawa sheria ya wazi: raisi alikuwa sasa na haki kamili ya kumuondoa waziri wa kwanza. Na akaitumia. Moïse Tshombe, yule yule wa Katanga, alikuwa waziri wa kwanza tangu mwezi wa saba 1964, na upande wake ukashinda uchaguzi wa wabunge wa 1965. Kila mutu alijua kwamba atashindania uraisi. Tarehe 13 mwezi wa kumi Kasa-Vubu akamuondoa na kumuweka Évariste Kimba. Tarehe 14 mwezi uliofuata bunge likamkataa Kimba. Pahali pa kutafuta mwingine, raisi akamteua Kimba tena. Katikati ya ugomvi, kwenye mkutano wa Afrika kule Accra, alikuwa ameahidi kuondoa maaskari wazungu wa kukodiwa, na wakubwa wa jeshi hawakufurahi.

Usiku wa tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 1965 wakubwa hao walikutana, na asubuhi Mobutu alikuwa raisi. Sababu aliyotoa ni ile ile ya 1960, kwamba wanasiasa wanagombana. Alisema miaka mitano, ikawa 32. Katiba ya Luluabourg ilikuwa imeishi mwaka mmoja na miezi karibu ine. Majimbo 21 yakapunguzwa, Kivu ikarudishwa moja. Kimba na wenzake watatu, Anany, Bamba na Mahamba, walinyongwa mbele ya watu wengi tarehe 2 mwezi wa sita 1966, katika juma la Pentekoste. Hapo waliponyongwa ndipo baadaye ulijengwa ule uwanja wa mpira ulioitwa Kamanyola. Mwaka 1997 jina likaondolewa, ukaitwa Uwanja wa Mashahidi wa Pentekoste.

Kasa-Vubu hakupigana. Hakukimbilia ngambo, hakuita watu wa Bas-Congo wachukue mapanga, ingawa wangemsikia. Alienda Boma, karibu na kwao, akalima shamba lake. Hata maadui zake hawakumshitaki kwamba aliiba mali ya inchi, na kwa raisi wa Kongo hilo si jambo dogo. Aligonjwa muda mrefu na kufa tarehe 24 mwezi wa tatu 1969, akaacha mke wake Hortense Ngoma na watoto. Komine ya Dendale, pale alianzia, inaitwa leo Kasa-Vubu.