Döbereiner na Madini Yawashayo Moto

Watu wa Geita na Shinyanga wajua sifa ya dhahabu: hata ikikaa ardhini miaka mingi, haishikwi na kutu. Dhahabu ina ndugu yake, madini meupe, mazito kuipita, jina lake platini. Nayo haishikwi na kutu. Huonekana kama madini mavivu, yasiyojishughulisha na kitu kingine. Aliyeonyesha kwamba sivyo alikuwa Johann Wolfgang Döbereiner.

Alizaliwa mwaka wa 1780 karibu na mji wa Hof, katika nchi ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mwendesha magari ya farasi, hata mtoto hakupata kusoma shuleni ila kidogo. Alipokuwa na umri wa miaka 14 alitiwa kwa mtengeneza dawa ili ajifunze kazi. Kisha akasafiri mji kwa mji akifanya kazi hiyo, na kila alipopata nafasi alijisomea elimu ya kemia.

Aliporudi kwao akaoa, akaanzisha kazi ya kutengeneza vitu vya kemia. Kazi ile ikaanguka. Akajaribu nyingine, nayo haikudumu. Ilipofika mwaka wa 1810 alikuwa na mke na watoto wa kulisha, wala hakuwa na kazi. Wakati huo Chuo Kikuu cha Jena kilikuwa kikitafuta mwalimu wa kemia. Mtaalamu mmoja aliyezijua kazi zake akamtaja, na mshairi mkuu Goethe, aliyekuwa pia waziri katika nchi ile, akamsaidia. Basi mtu ambaye hakupata kusoma chuo kikuu akawa mwalimu wa chuo kikuu.

Mwaka wa 1823 Döbereiner alichukua platini laini yenye matundu mengi kama sifongo, akaipulizia haidrojeni, gesi iliyo nyepesi kuliko zote. Hakuwasha moto, wala hakupasha kitu chochote joto. Mara platini ikapata moto, ikawa nyekundu, kisha nyeupe, na ile haidrojeni ikaungana na oksijeni iliyomo hewani, ikawaka. Moto ulipozimika, platini ilikuwa vile vile. Kitu cha namna hii, kinachoharakisha kazi ya vingine nacho chenyewe kisiliwe, leo huitwa kichocheo.

Siku zile viberiti vya kukwaruza vilikuwa havijapatikana, na kuwasha moto kulikuwa taabu. Döbereiner akaunda taa: ndani ya chupa kipande cha zinki kilitumbukia katika asidi na kutoa haidrojeni, mtu akifungua tundu, gesi ilitoka, ikaipiga platini, na moto ukawaka. Taa hizo zikaenea Ulaya, zikauzwa kwa maelfu. Angaliweza kujipatia haki ya peke yake ya kuziuza, naye aliujua umaskini. Lakini hakufanya hivyo, kwa kuwa aliipenda elimu kuliko fedha. Akaacha kila fundi azitengeneze.

Kwa kuwa platini ni ghali, aliichanganya na udongo wa mfinyanzi, ili kidogo kifanye kazi kubwa. Hakujua kwamba udongo nao waweza kuwa na sehemu katika kazi ile. Jambo hilo lilisubiri zaidi ya miaka 100.

Atomu za haidrojeni hutembea mbili mbili, kama ng'ombe wa kulimia waliofungwa nira. Zikigusa platini, nira hufunguliwa, na kila atomu huwa peke yake. Mwaka wa 1964 mtaalamu Khoobiar alionyesha kwamba atomu hizo hazikai palipofunguliwa nira. Alichukua unga wa manjano wa tangisteni, ambao haidrojeni peke yake haikuweza kuubadili pasipo joto kali. Alipouchanganya na chembe za platini zilizobebwa na unga mwingine, ule wa manjano ukageuka buluu. Atomu zilikuwa zimevuka kutoka platini, zikapita juu ya unga ulioibeba, zikafika katika unga wa jirani, mithili ya ng'ombe waliofunguliwa penye lango wakaenda kulisha hata shamba la pili.

Vichocheo vya madini vimekuwa na kazi nyingi duniani. Mafuta ya mimea, kama yale ya mbegu za pamba ilimwayo Shinyanga, yakipewa haidrojeni penye nikeli hugeuka kuwa mafuta magumu.

Döbereiner alifundisha Jena mpaka alipokufa mwaka wa 1849, naye hakuwa tajiri. Atomu hakuziona, wala safari yake hakuijua. Lakini lango zinapofunguliwa nira, yeye ndiye aliyelionyesha kwa watu, wala hakudai ushuru kwa waliopita.