Conrad Schlumberger, aliyepitisha umeme ardhini

Wakazi wa Naivasha nchini Kenya wamezoea kuona mvuke ukifuka kutoka Olkaria. Huko chini ya Bonde la Ufa kuna mawe yaliyoyeyuka kwa joto, yaani magma, na joto lake ndilo linalochemsha maji ya ardhini. Kuchimba kisima cha mvuke ni gharama kubwa, kwa hiyo wataalamu hupima kwanza. Hupigilia vigingi vinne vya chuma katika mstari mmoja, huvuta nyaya, kisha hupitisha umeme ardhini. Mpangilio mmojawapo wa vigingi hivyo unaitwa Schlumberger, kwa jina la Mfaransa aliyefariki mwaka 1936.

Ukilisikia jina hilo leo huenda ukafikiria kampuni kubwa ya huduma za mafuta. Ni kweli, kampuni hiyo ilitokana na kazi yake. Lakini Conrad mwenyewe alikuwa mwalimu wa fizikia.

Alizaliwa mwaka 1878 huko Guebwiller, katika jimbo la Alsace, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya Ujerumani. Familia yake ilitajirika kwa viwanda vya nguo. Alisomea Paris, na baadaye akafundisha katika chuo cha madini cha jiji hilo. Wakati ule watafuta madini walitegemea kuchimba mashimo na kubahatisha. Conrad alijiuliza kama umeme ungeweza kumwambia kilichopo chini bila kuchimba.

Alianza na beseni la shaba la kuogea. Alilijaza mchanga, akapitisha umeme na kupima jinsi ulivyosambaa. Mwaka 1912 alitoka nje hadi shamba la familia huko Normandy, akatembea na nyaya zake na kuchora ramani. Mistari ya ramani ilipinda kufuatana na miamba iliyokuwa chini, na hapo akajua kwamba njia yake inafanya kazi.

Siri yenyewe si ngumu. Mwamba mkavu na mgumu huuzuia umeme. Maji ya chumvi, udongo wa mfinyanzi na magma huupitisha kwa urahisi zaidi. Vigingi viwili vya nje huingiza umeme, viwili vya ndani hupima tofauti ya volteji kati yake. Ukivisogeza vya nje mbali zaidi, umeme unazama zaidi, nawe unasoma tabaka la chini zaidi.

Vita Kuu ya Kwanza ilisimamisha kila kitu. Conrad alikuwa afisa wa mizinga. Mwaka 1919 baba yake, mzee Paul, aliahidi faranga 500,000 ili Conrad na mdogo wake Marcel waendelee na utafiti. Sharti lake lingewashangaza wafanyabiashara wengi: sayansi itangulie, faida ifuate. Bila mzee huyo, nadhani kazi ingeishia kwenye beseni.

Mwaka 1927, huko Pechelbronn, waliteremsha vifaa vyao ndani ya kisima cha mafuta, wakasimama kila mita moja kupima, na kuchora matokeo kwa mkono. Hapo ndipo kampuni za mafuta zilipoanza kuwatafuta.

Conrad alifariki ghafla mjini Stockholm mwezi Mei 1936, akiwa safarini kutoka Muungano wa Kisovieti. Alikuwa na umri wa miaka 57.

Katika miaka yake ya mwisho alivutiwa na umeme wa asili unaopita ardhini wenyewe, bila betri wala jenereta. Jambo hilo lilikuja kuwa muhimu sana kwa wanaotafuta magma, kwani umeme unaoingizwa kwa vigingi hauzami vya kutosha. Kuanzia mwaka 1950, Tikhonov wa Urusi na Cagniard wa Ufaransa walionyesha jinsi ya kupima mikondo hiyo inayoletwa na radi na nguvu za jua. Mikondo hiyo hufika kilomita nyingi chini.

Kwa njia hiyo wanasayansi walichunguza Afar, nchini Ethiopia, ambako mwaka 2005 magma ilijipenyeza ardhini kwa urefu wa kilomita 60 hivi na kuipasua nchi. Mwaka 2013 walieleza kuwa chini yake kuna magma isiyopungua kilomita za ujazo 500.

Hata hivyo vipimo hivi vinaweza kudanganya. Udongo wa mfinyanzi ulio juu ya eneo la joto nao hupitisha umeme vizuri, na unaweza kuficha kilicho chini yake. Mwaka 2009 wachimbaji wa Krafla, nchini Iceland, walikusudia kufika zaidi ya kilomita nne. Walipofika kilomita 2.1 tu, keekee ikaingia kwenye magma ambayo vipimo vya juu ya ardhi havikuwa vimeionyesha.