Willard Gibbs: Profesa aliyefundisha miaka 9 bila mshahara, hesabu yake leo inapima nguvu ya seli zako

Ukipanda ngazi au kuinua ndoo ya maji, seli zako zinatumia nishati. Ni kiasi gani? Msingi wa kuhesabu uliwekwa na Mmarekani mmoja mkimya, Josiah Willard Gibbs.

Alizaliwa Februari 11, 1839, New Haven, Connecticut. Baba yake alikuwa profesa Yale, naye akapata udaktari wa uhandisi hapo hapo mwaka 1863.

Mwaka 1871 Yale ikampa uprofesa, ila bila senti! Jamaa alipiga kazi miaka 9 akiishi kwa urithi wa familia. Hakuoa, aliishi kwa dada yake.

Ni katika miaka hiyo, 1875 hadi 1878, alipotoa kazi yake kubwa. Tatizo, ilitoka kwenye jarida dogo la Connecticut na wachache sana waliielewa. Mmoja wao alikuwa James Clerk Maxwell wa Uingereza.

Gibbs alionyesha kwamba mmenyuko wa kikemia huenda wenyewe pale tu nishati huru inaposhuka, na nishati hiyo inategemea wingi wa kila kitu kilichomo kwenye mchanganyiko.

Yale ilianza kumlipa mwaka 1880, baada ya Chuo cha Johns Hopkins kutaka kumchukua. Mwaka 1901 Uingereza ikampa Medali ya Copley. Alifariki Aprili 28, 1903.

ATP, kibeba nishati cha seli, iligunduliwa 1929. Gibbs hakuwahi kuisikia, lakini bila yeye usingeielewa.

Vitabuni, kuvunja ATP hutoa kilojuli 30.5 kwa moli. Hiyo ni pale kila kitu kikiwa na moli 1 kwa lita. Ndani ya seli viwango ni vidogo mno, na ATP ni nyingi kuliko ADP. Weka viwango halisi, unapata karibu kilojuli 50.

Kuna hatua ya kukata sukari vipande viwili ambayo vitabuni inadai nyongeza ya kilojuli 24 hivi, yaani haiendi yenyewe. Kwenye seli inaenda, kwa sababu vipande vinaondolewa haraka kabla havijarundikana.

Kwa hiyo namba ya kitabuni peke yake haitoshi. Lazima ujue ndani ya seli kuna nini, na kiasi gani.