Dkt Irvine: Tabibu wa Chogoria aliyewanoa vijana wodini

JINA la marehemu Dkt Archibald Clive Irvine halijafutika vinywani mwa wakazi wa Chogoria, mji ulio kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, katika Kaunti ya Tharaka-Nithi. Mmishonari huyo ndiye aliyeanzisha kituo cha misheni mahali hapo mnamo 1922, wakati Kanisa la Scotland lilikuwa limekwisha kutia mizizi Kikuyu na Tumutumu, karibu na Karatina, Nyeri. Mchango mkubwa wa fedha ulitoka kwa Ernest Carr, mfanyabiashara wa Nairobi, ambaye Irvine alimwoa bintiye.

Daktari mmoja hangeweza kuuhudumia umma wote huo. Kama ilivyokuwa Tumutumu na kwingineko, misheni iliwategemea vijana wenyeji. Hakukuwa na mihadhara wala chumba cha maiti cha kujifunzia. Kijana aliyejua kusoma na kuandika aliingia wodini, akafundishwa kuosha vidonda, kufunga bendeji, kupima dawa na kudunga sindano za buba, ugonjwa uliowatesa wengi miaka hiyo. Aliitwa dresa. Alijifunza kwa kutazama na kutenda, na pengine hakuna njia iliyo bora zaidi ya kuanzia. Kasoro yake ni kwamba haikuwa na ngazi ya pili: dresa hodari kupindukia alibaki dresa.

Aliyetaka kuwa daktari kamili alilazimika kwenda Makerere, Uganda, ambako mafunzo ya udaktari yalianza miaka ya 1920. Hata huko, stashahada waliyopewa wahitimu haikutambuliwa Uingereza hadi 1957. Kenya yenyewe ilipata chuo chake cha kwanza cha udaktari jijini Nairobi mnamo 1967.

Mtihani mkubwa zaidi wa maisha ya Irvine haukuwa wa kitabibu. Mnamo 1929, misheni za Kiskoti ziliwataka waumini na waajiriwa wao waape kuupinga ukeketaji wa wasichana. Wengi Nyeri waliiita ahadi hiyo kirore, yaani alama ya kidole. Irvine alishikilia msimamo huo bila kulegea, na kanisa la Chogoria likapoteza sehemu kubwa ya waumini wake. Kama daktari, alikuwa na sababu za kutosha za kuyapinga madhara ya kisu hicho. Lakini kumlazimisha mtu achague baina ya kazi yake na jamaa zake ni jambo jingine, na wapo waliohisi kwamba walidaiwa utu wao kuwa malipo ya elimu. Shule huru zilishamiri baada ya mzozo huo.

Hata hivyo, hospitali haikufa. Mwanawe, Dkt Geoffrey Irvine, alihudumu hapo pia, na wauguzi wakapata shule yao. Mzee mwenyewe aliaga dunia katika miaka ya 1970.

Leo Hospitali ya PCEA Chogoria huwapokea madaktari waliokwisha kuhitimu, wanaosomea shahada ya uzamili ya tiba ya familia katika Chuo Kikuu cha Kabarak. Kwa miaka minne huzunguka wodi za watoto, za uzazi na za upasuaji, wakijifunza kando ya kitanda cha mgonjwa, pale pale dresa wa kwanza walipofundishwa kufunga bendeji.